Nilivyozunguka Bungoma nikingoja mzee afe ili nimalize masters

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma humu nyuzi za vijana wakilia kuhusu supervisors nikaona na mimi nitoe yangu. Sitatia chumvi. Nikitia hata kidogo, watu wa Bungoma wamejaa humu na watanisuta mchana kweupe.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa sekondari Kitale, nakaa Tuwan, na nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma masters ya tamaduni za Waafrika, wa huku na wa ng'ambo. Supervisor wangu alikuwa mama mmoja Mmarekani mweusi. Sauti ya upole, lakini kwa kazi hakuwa na mchezo.

Mada yangu ilikuwa kumuse.

Kwa wasiojua: sisi Wabukusu, akifa mzee wa maana, mwenye wajukuu wake, siku chache baada ya mazishi huja msemaji maalum. Anatembea uwanjani na fimbo yake, anakwenda na kurudi, anasimulia tulikotoka, anaonya, anakemea. Watu wanakaa kimya kabisa. Hakuna kuinuka wala kupita mbele yake.

Nilikuwa nimeandika kurasa tamu sana juu ya jambo hilo. Supervisor akasoma zote, akavua miwani, akauliza, "Recording iko wapi?"

Sikuwa nayo. Akaniambia bila sauti ya msemaji hakuna thesis. Usajili wangu ulikuwa unaisha Desemba na hapo tulikuwa Juni. Mama yangu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mtoto wake anakuwa profesa. (Masters si uprofesa, lakini nenda umwambie wewe.)

Nikaona ni kazi rahisi. Jumamosi moja nikateremka nyumbani Bungoma, upande wa Lugulu, nikaenda kwa Mzee Situma. Huyo ndiye aliyekuwa msemaji wa kumuse huko kwetu. Nikaweka tape recorder ya department juu ya stuli, nikamwomba aseme kidogo tu, hata nusu saa.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu, mzee. Ni ya masomo tu."

Akaangalia mashine, akaniangalia mimi.

"Haya maneno hayaitwi bure. Nikianza na hakuna mtu amekufa, yatatafuta mtu. Na hapa tuko wawili, na mimi sijachoka kuishi."

Wakuu, nilifungasha ile mashine kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia tena.

Basi ikabaki njia moja tu, kungoja mzee afe. Najua inasikika vibaya, na ilikuwa vibaya.

Nikaanza kutembelea wagonjwa. Kila Jumamosi natoka Kitale na mkate na nusu kilo ya sukari, nazunguka boma kwa boma nikijulia wazee hali. Mwezi wa kwanza nilisifiwa, ati kijana wetu ana heshima. Mwezi wa pili watu wakagundua kwamba heshima yangu inaenda tu kwa wenye kikohozi.

Kuna mzee mmoja akiniona kwa mbali alikuwa anaacha kiti, anashika shoka, anapasua kuni mpaka nipite.

Mwingine, Mzee Barasa, alikuwa mgonjwa kweli kweli. Nilienda kwake mara tatu. Mara ya tatu nikamkuta amekaa nje anakula muhogo. Mke wake akanirudishia mkate mlangoni.

"Pereka kwingine," akasema. "Huyu amepona. Ati kira siku unakuja kuangaria amefika wapi? Si uende kwenu bana!"

Ikafika Oktoba. Usingizi ukanihama. Siku moja nilijikuta nimepiga magoti. Sikuomba mtu afe, jamani. Niliomba tu Mungu afungue njia. Nyinyi mnajua nilichomaanisha, na Yeye pia alijua.

Novemba akafa mzee mmoja wa kijiji cha pili, mzee sana, usingizini, bila kuugua hata siku moja. Nikaenda mbio. Mtoto wake mkubwa alinipokea amenuna, nikajua sifa zangu zimenitangulia. Kumbe shida ilikuwa nyingine.

"Wazee wote umepelekea mkate," akasema. "Wetu ukamruka. Uliona hafai kuandikwa?"

Nikabaki naomba msamaha kwa kutomngojea baba yake afe. Jaribu wewe kuomba msamaha wa namna hiyo.

Mzee Situma alikubali nirekodi, ila kwa sharti moja. "Hiyo mashine isikie yote. Usizime, hata nikisema nini."

Nikakubali bila kufikiri.

Asubuhi ya kumuse nilikaa mbele na mashine yangu. Baba yangu alikuwa amekaa nyuma yangu kidogo. Mzee Situma akaanza, na kusema ukweli nywele zilinisimama. Akataja koo, vita, njaa, mito tuliyovuka. Nikasema moyoni, thesis ndiyo hii.

Halafu akageuka upande wangu.

"Kuna mtoto wetu tulipeleka shule. Amerudi anapima wazee na macho kama mtu wa kununua ng'ombe. Anazunguka kwa wagonjwa kama fisi mwenye adabu, anabisha hodi kwanza."

Pale watu hawacheki. Lakini niliona mabega yakitikisika, na Mzee Barasa alikuwa amejifunika uso na kofia.

Kuinuka siwezi. Kuzima siwezi. Mara mashine ikafanya *tak*, upande wa kaseti umeisha. Mzee Situma akasimama, akaegemea fimbo.

"Imejaa? Geuza. Mimi na wewe hatujamalizana."

Nikageuza. Akanisubiri mpaka nikabonyeza, ndipo akaendelea, safari hii polepole.

"Unataka kujua vile tunakufa. Vile tunaishi haujauliza. Baba yako amekaa hapo nyuma. Kila Jumamosi unapita boma yake ukienda kwa wagonjwa. Kosa yake ni kuwa mzima?"

Sikuthubutu kugeuka. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Nililia pale mbele ya kijiji kizima, mwalimu mzima na tai yangu.

Kuandika thesis nikaandika, isipokuwa hicho kipande changu cha dakika kumi na tano. Hapo niliweka: "Sauti haisikiki vizuri." Supervisor hajui Kibukusu, nani atagundua?

Siku ya kutetea nikaingia na suti ya kuazima. Mtahini wa nje alikuwa mtu wa Bungoma.

"Hapa umesema sauti haisikiki," akasema. "Nimesikiliza kaseti mara mbili. Hapa ndipo inasikika kuliko kwingine kote."

Akaiweka kwenye mashine, akaniamuru nitafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, mbele ya panel. Fisi mwenye adabu pamoja na hodi yake. Walicheka mpaka mmoja akatoa leso. Tulipofika kipande cha baba yangu, leso ikarudi mfukoni.

Supervisor ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema kanisani kwa nyanya yake, kusini mwa Marekani, mhubiri alikuwa akimkemea mtu mbele ya watu vilevile. Hataji jina, lakini benchi zote zinajua ni nani. Alivuka bahari kutafuta hicho kitu, akasema, na mwanafunzi wake mwenyewe alikuwa amekificha.

Nilipita, na masahihisho mawili: nirudishe dakika kumi na tano, na niweke footnote kueleza huyo mtoto anayesemwa ni nani. Niliandika maneno mawili. "Ni mwandishi."

Funzo langu ni dogo. Nilisoma watu wangu miaka miwili kama vile nimetoka mbali, na waliolipia ni wale wa karibu.

Jumamosi iliyofuata nilienda moja kwa moja kwa baba yangu. Nilimkuta anakaza waya wa ua. Aliponiona langoni akanyooka wima, akapandisha suruali.

"Mimi ni mzima," akasema kabla sijamsalimia. "Hata kikohozi sina."

Nikamwambia, "Najua, papa. Nimekuja tu."

Akaniangalia kama anayengoja niseme sababu yenyewe. Kisha akanisogezea ncha ya waya nishike.

Wakuu mliobarikiwa kuwa na wazazi hai, mara ya mwisho mlienda nyumbani bila sababu ni lini? Semeni ukweli, tuko wenyewe hapa.