Pikapu Iliyoshitakiwa Kwenda Baharini

Anaclet Mwenze alikuwa na miaka sitini na sita na hajawahi kuiona bahari. Hakuona haya kwa hilo wala hakujisifu, maana hakuna aliyewahi kumwuliza. Katika kartie yao, yaani mtaa wao, huko Annexe pembeni ya mji wetu wa bara, kwenye mashamba ya mahindi, watu huulizana habari za umeme, za maji, za mtoto aliyekataa shule. Bahari haimo. Ndiyo maana siku alipoambiwa usoni kwamba pikapu yake imeharibika kwa sababu ameipeleka baharini, mzee alidhani masikio yake yameanza kuzeeka kabla ya mwenyewe.

Lakini tuanze na pikapu. Anaclet alifanya kazi kwenye reli miaka thelathini na minane, kama baba yake aliyekuja kutoka Kabalo akiifuata reli hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa ishara. Kazi ya ishara haitaki mzaha: ukiandika njia iko wazi na njia haiko wazi, treni mbili zitaonana uso kwa uso. Kwa hiyo alizoea kuandika ukweli tu, kuuandika vizuri, na kuweka kopi. Tabia hiyo ilimfanya mume mwaminifu na jirani wa kuchosha kabisa.

Siku walipompa malipo yake ya mwisho, yale ambayo wazee wa reli huyaita décompte final na wengi hufa wakiyangoja, shemeji zake walitabiri kwamba ataoa mke wa pili. Alinunua pikapu. Mpya, nyeupe, na nailoni yake kwenye viti, na kitabu cha garantie, dhamana ya miaka mitatu. Kitabu kile alikisoma chote, tena na miwani, na mkewe Jeanne akamwambia kwamba Biblia hajawahi kuisoma hivyo.

Pikapu ilikuwa ya kubeba tomati za Jeanne. Na hapa lazima niseme jambo moja, kwa sababu Anaclet mwenyewe hakulisema mara nyingi. Katika miaka ile ambayo reli ilikaa miezi na miezi bila kulipa mtu, nyumba yao haikuanguka kwa sababu ya tomati hizo. Jeanne alizibeba kichwani, kisha kwa baiskeli ya kukodi, kisha juu ya malori ya watu waliomshusha njiani wakipata mzigo mnono. Binti yao Falonne alisoma kwa tomati. Anaclet alijiapia kwamba mke wake hatapanda tena lori la mtu. Pikapu ikifa, ahadi hiyo inakufa nayo.

Ikafa wiki ya tatu, kwenye njia ya Luano, karibu na uwanja wa ndege, na tomati zikiwa zimejaa nyuma. Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja utadhani Noeli, kisha injini ikanyamaza. Ndege ikapita juu, Anaclet akaitazama kwa wivu. Wale waliomwuzia waliivuta mpaka garage yao mjini, wakakuta waya mmoja haukukazwa vizuri kiwandani. Wakaomba radhi, wakakaza, wakairudisha imeoshwa. Kosa lilikuwa lao na walilikubali. Mambo yangeishia hapo, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini baada ya wiki mbili Noeli ilirudi. Mafundi wakasafisha mitambo yake ya umeme, ikaenda vizuri wiki mbili, ikafa. Wakaisafisha tena. Mara ya nne ilikufa mbele ya parokia, Jumapili, watu wakitoka misa, na kila mwanamume mwenye suti alitaka kufungua boneti na kutoa maoni. Mara ya tano Anaclet alikwenda garage na daftari lenye tarehe zote, akaliweka mezani mbele ya Alexis, mkubwa wa garantie.

Alexis alikuwa kijana wa shati jeupe, mpole, mwenye sauti ya muuguzi anayekuficha sindano. Alisema safari hii watapiga picha na kuzituma kiwandani, ng'ambo. Jibu lilikuja baada ya mwezi. Alexis alilisoma mara mbili kimya kabla ya kuthubutu kulisema.

"Papa, banasema iko chumvi mu sanduku ya fusibles, zile za umeme. Motokari ilienda ku bahari. Garantie haiingie mu mambo ya bahari."

"Bahari gani, mwanangu? Bahari iko wapi hapa?"

"Mi sijui, Papa. Ni bale ba kiwanda banaandika."

Hasira aliyotoka nayo Anaclet pale ilimpeleka kwa miguu mpaka nyumbani, na hata hakumbuki alipita wapi. Kilichomchoma si gari tu. Kilichomchoma ni kuitwa mwongo kwa barua yenye muhuri, yeye ambaye katika miaka thelathini na minane hakuandika neno moja la uongo.

Basi akafanya kile anachokijua: akatengeneza faili. Alipata karatasi ya mkubwa wa kartie ikishuhudia kwamba Mwenze Anaclet halali nje ya nyumba yake. Alipata barua ya Abbé Sylvain, paroko wao, ikisema mzee huyu hakosi misa ya Jumapili, na kwamba kwenda baharini na kurudi kati ya Jumapili mbili, kwa barabara zetu hizi, kungekuwa muujiza ambao Kanisa lingepaswa kuuchunguza. Alichora ramani na kupima kwa rula. Kwa kuwa hakutaka kuficha kitu, aliongeza ukurasa mmoja akikiri kwamba mwaka 1969, akiwa mtoto, aliona ziwa Tanganyika kule Kalemie kupitia dirisha la treni, lakini maji yale hayana chumvi na yeye hakushuka.

Kila karatasi ilipita kwa Dédé, jirani mwenye mashine ya fotokopi chini ya parasol, mwavuli mkubwa wa jua, penye kituo cha taksi. Dédé alikuwa na kawaida ya kusoma kila alichokopi, tena kwa sauti, ili wateja wasichoke kungoja. Baada ya siku tatu kartie nzima ilijua kesi. Watoto walimwita Anaclet "Kapiteni." Dédé mwenyewe alimwuliza kila asubuhi samaki wa kule wanauzwaje.

Nyumbani, Jeanne peke yake hakucheka. Anaclet alipomsomea faili jioni, akisema atakwenda kuapa mbele ya msalaba kwamba chembe ya chumvi haijawahi kugusa gari lake, mama alikuwa akisonga bukari, ugali wetu. Bukari iliungua. Jeanne hajaunguza bukari tangu wafunge ndoa. Anaclet aliila hivyo hivyo, akidhani mkewe ana uchungu kwa ajili ya gari, na akampenda zaidi kwa hilo.

Siku ya kwenda garage, Jeanne alisema naye anakwenda. Alivaa kitenge cha kikundi chake cha sala, kikundi ambacho yeye ndiye mama kiongozi wake, akabeba mkoba wake akiushika kwa mikono miwili.

Ofisini kwa Alexis, Anaclet alipanga karatasi zake moja moja juu ya meza. Alieleza ramani. Alieleza ziwa. Mwisho akatoa rozari mfukoni, akasimama wima kama zamani treni ya wakubwa ikipita, akainua mkono.

"Papa Falonne," Jeanne alisema, "usiape."

Alifungua mkoba, akatoa kikopo cha mayonezi kilichooshwa vizuri, chenye chumvi nusu. Akakiweka juu ya ramani, karibu na bahari.

"Ile chumvi ni mi njo niliweka."

Akaeleza, macho yakiwa kwenye kikopo. Baada ya gari kufa kule Luano, alijua kwamba ni jicho la watu. Gari jipya kama lile, katika kartie kama ile, lingewezaje kuachwa? Kwenye sala walikuwa wamebarikiwa chumvi, kila mama na kikopo chake. Asubuhi moja Anaclet akioga, alifungua boneti, akatafuta mahali penye roho ya gari. Akaona kisanduku cheusi chenye kifuniko, na ndani vitu vidogo vya rangi rangi vimepangwa vizuri, ndizo zile fusibles. Akaona ndipo hapo. Alinyunyiza kidogo na matone ya maji ya baraka. Gari likaenda vizuri wiki mbili, kwa hiyo aliona dawa inafanya kazi. Lilipokufa tena, aliona kipimo kilikuwa kidogo.

"Kila mara ilitoka ku garage, naongeza," alisema. "Mara ya mwisho niliweka kijiko muzima."

Alexis alitazama dari, akauma midomo kama mtu anayezuia chafya. Anaclet alikaa chini. Nitasema wazi alivyojisikia: alitaka ardhi ya garage ile ipasuke, immeze yeye na ramani yake. Akilini aliwaona mkubwa wa kartie na Abbé, akauona ukurasa wa ziwa. Alimkasirikia mkewe kama hajawahi kumkasirikia, na maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga mdomoni. Ndipo akaona mikono ya Jeanne juu ya mkoba. Ilikuwa na alama nyeusi za tomati kwenye kucha, zile ambazo hazitoki hata Pasaka. Mwanamke huyu angeweza kumwacha aape, na hakuna mtu angejua kamwe.

Alexis, baada ya kumeza kicheko chake, alieleza mambo yalivyo. Kompyuta ya kiwanda haina mahali pa chumvi ya baraka. Ina mahali patatu tu: bahari, mafuriko, na mwenyewe kuharibu. Akiandika mwenyewe kuharibu, Mama ataandika maelezo kwa jina lake, yatapita kwa mafundi wote, nusu yao wakiwa waumini wa parokia ile ile, na garantie ya gari itafutwa yote, siku hiyo hiyo. Mafuriko hayafai, picha zinaonyesha chumvi. Lakini bahari, kwa anayeikiri, ina huruma yake: mteja anayekosa mara ya kwanza kwa kutojua, kiwanda humsamehe na kubadilisha vyote, mradi akubali kosa na kusaini ahadi ya kutorudia. Alisema kwamba yeye Alexis ni mtu mdogo, anaandika anachoambiwa na mteja. Akaweka kalamu katikati ya meza. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, akamwuliza Mama kama chumvi ile inafaa pia kwa mtu ambaye wanamruka kila mwaka katika kupandishwa cheo.

Anaclet alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikusanya barua ya mkubwa wa kartie, na barua ya Abbé, na ramani, na ziwa, akavirudisha ndani ya faili taratibu, akafunga kamba. Karatasi ya ahadi ilikuwa na nafasi tupu ya kujaza jina la bahari. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya namna hiyo maishani mwake.

"Mama Falonne," aliuliza, "tulienda ku bahari gani?"

Jeanne aliinua macho. Alikuwa amengoja matusi, na alijua kwamba anayastahili. Alichukua muda kulielewa lile neno "tulienda."

"Ile ya ku Moanda," akasema polepole, akitaja mji wa pwani ulioko mwisho mwingine wa nchi.

Anaclet akaandika Moanda, kwa mwandiko wake wa reli, ulionyooka, akasaini kwamba hatalipeleka tena gari lake baharini maadamu yu hai.

Walibadilisha kisanduku na nyaya zote, wakakifunga kifuniko kwa skrubu ambazo mkono wa mtu hauzifungui. Gari halikufa tena. Jeanne aliendelea kupanda mbele, kwenye kiti chake, na kikopo kikahamia jikoni, mbali na boneti zote.

Siri ingebaki ya watu watatu, kama si ile tabia. Anaclet hawezi kukaa na karatasi bila kopi. Aliivumilia siku nne, ya tano akaenda kwa Dédé, na Dédé akasoma. Alisoma mara mbili, na hakusema samaki wala kapiteni. Alimtazama mzee kwa heshima mpya kabisa. Kumbe alikwenda. Kumbe ramani yote ile na Abbé na nini, na jamaa alikuwa amekwenda kweli, tena Moanda.

Tangu siku hiyo kartie haikumwacha apumue kwa maswali ya bahari. Jumapili moja kikundi cha sala kilikuwa na sikukuu kule Karavia, penye ziwa, na Anaclet aliwabeba mama wote nyuma. Alisimamisha gari mita mia mbili kabla ya maji. Wakamwambia asogee, hili ni ziwa tu. Akakataa, akasema amesaini. Wakashuka wakicheka, na Dédé, ambaye hakosi penye chakula, akaegemea dirisha.

"Vieux, mzee wetu, basi tuambie kweli. Bahari iko namna gani?"

Mama wakasogea wasikilize. Jeanne aliinamisha kichwa. Anaclet alizima injini, akautoa ufunguo, akaufuta kwa kitambaa.

"Uliza Mama Falonne. Ni yeye njo alinipeleka."

Wote wakamgeukia. Jeanne alimtazama mume wake, na mzee akatazama mbele tu, uso wake mkavu kama wa mtu wa ishara kazini.

"Iko chumvi mingi," Jeanne alisema, akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi Anaclet amshikie mkoba.