Aliyenivunja Mkono Ndiye Anatufundisha Kupinga Ukatili

Admin, nifichie jina langu, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Ngulyati, Bariadi, nalima pamba na mahindi. Nina hasira na sitaificha, wenye mioyo laini mnisamehe mapema.

Niliwahi kuolewa. Mume wangu alikuwa ananipiga hadi majirani wanaongeza sauti ya redio. Aliponivunja mkono nikarudi kwetu. Wakwe wakadai ng'ombe wao wa mahari, maana kwa mila zetu za Kisukuma mwanamke akiondoka mwenyewe, ng'ombe wanarudi. Baba aliwaswaga mwenyewe. Aliporudi aliniambia tu, "Ng'wanawane, mwanangu, wewe ni mzima, inatosha." Lakini kaka yangu alikuwa anawategemea ng'ombe hao aoe, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya kulazimishwa.

Juzi mtendaji wetu akaniteua kwenda semina ya kutambua dalili za ukatili majumbani na kumsaidia anayeteswa. Nimekaa zangu, mwezeshaji anaingia, ni yeye, yule mume wangu wa zamani! Shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni, anatusalimia "Mwangaluka!" kwa tabasamu la mchungaji. Nilitamani ardhi immeze. Na anafundisha vizuri, sitadanganya. Eti muangalie mwanamke anayevaa mikono mirefu kwenye joto, anayemtazama mume kabla ya kujibu, anayeanguka anguka kila mara. Atakosaje kujua? Mazoezi yote aliyafanyia kwangu.

Wakati wa chai nikamwona mke wake mpya, binti mdogo tu, ndiye anayetupikia. Jua la Simiyu mnalijua, yeye kavaa sweta. Akimimina chai mkono wa sweta ukapanda, nikaona alama za mkanda. Nikamfuata jikoni, nikamwambia mimi ni nani na kwamba twende dawati la jinsia, polisi, nitakuwa naye. Akaanza kulia.

"Dada, nakuomba usiseme. Ng'ombe wa mahari yangu kaka ameshawaolea. Nikirudi nyumbani, baba ananirudisha siku hiyo hiyo, halafu huyu ataniua."

Kesho kutwa tunafunga mafunzo, na wenzangu wamenichagua mimi kutoa neno la shukrani. Diwani atakuwepo, wazee watakuwepo, na yeye meza kuu. Nimeyapanga maneno nikipalilia, nikioga, nikiwa kanisani Mungu anisamehe. Nitamshukuru kwa jina. Nitanyoosha huu mkono uliounga vibaya, niwaambie fundi wake ndiye yule pale. Nataka nimwone anatafuta pa kuweka uso mbele ya mama yake mzazi, naye kaalikwa, yule aliyetudai ng'ombe. Siombi radhi kwa kulitaka hilo.

Ila jana yeye mwenyewe katufundisha kwamba usimwanike anayeteswa bila ridhaa yake, wala usimchokoze anayepiga kabla mwenzake hajapata mahali salama pa kukimbilia. Ni somo la kweli, na linamkinga yeye! Hapo ndipo ninapochomwa roho.

Mtasema niseme yangu tu, binti nisimtaje. Sawa. Lakini watu wakishampigia miluzi na kutawanyika, jioni ataongozana na nani kwenda nyumbani, na hiyo aibu atamshushia nani?

Wenzangu, kipaza sauti nitapewa. Niambieni, nikishakishika nifanyeje?