Babu Krismasi na Nyota za Mama Mdogo

Binti yangu wa pili, tangu mdogo, ni mtu wa kufungua vitu aone ndani. Redio, saa ya ukutani, hata pasi yangu. Ukimgombeza anakwambia, "Subiri, mama, narudisha," na kweli hurudisha, ila kila mara skrubu moja hubaki nje. Alipoacha kazi ya kutengeneza kompyuta za watu, akasema anatunga mchezo wake mwenyewe wa simu, niliwaza skrubu itakayobaki nje safari hii.

Mchezo wenyewe ni wa Babu Krismasi. Anaruka paa hadi paa na gunia mgongoni, anaokota zawadi, akikosea anaporomoka. Binti aliuhangaikia mwaka mzima. Desemba ilipoingia akauweka kwenye duka la mtandaoni, ambako kila anayeucheza huupa nyota, moja ukiwa mbaya mpaka tano ukiwa mzuri, na kuandika maoni yake.

Maoni yakaja. "Huyu babu anateleza kama sabuni." "Nimemrudishia mtoto simu yake na kumwomba radhi kwa kumwekea mchezo huu."

Aliyasoma yote, kisha akaacha kula. Sahani naipeleka imejaa, naitoa imejaa, mchuzi umeganda juu. Mimi ni mtu wa wasiwasi, watoto wakikohoa mimi ndiye ninayeugua, lakini safari hii niliogopa kweli. Niliogopa atajidhuru. Nikaondoa wembe bafuni. Komeo la bafu nikaling'oa, nikasema limeharibika. Nikawa nafagia mbele ya chumba chake sakafu ikiwa safi, nisikie tu kama kiti chake kinalia.

Nikamweleza mdogo wangu, mwenye saluni.

"Dada, ni hilo tu?" akasema. "Niachie mimi."

Kesho yake akanipigia. Wateja wake wote wameandika maoni, mpaka aliyekuwa na dawa kichwani. Nikamshukuru, nikapumua.

Jioni ile mlango ukafunguliwa. Binti akatoka na simu mkononi, midomo imekauka.

"Mama, mama mdogo amefanya nini?" Akaanza kunisomea. "'Mchezo mzuri sana, hongera binti yetu, msalimie mama.' Nyota moja. 'Mungu akuzidishie, na mume upate.' Nyota moja. Wote, mama! Wote nyota moja!"

Nikampigia mdogo wangu, nikaweka spika.

"Sasa mlitaka tumpe ngapi?" akafoka. "Mtoto wetu awe wa tano? Nimewasimamia mmoja mmoja kuhakikisha anapewa ya kwanza!"

Binti akakata simu. Akakaa sakafuni, akaficha uso magotini, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua anacheka au analia. Alipoinua kichwa nikaona ni vyote viwili.

"Na wewe umeandika nini?"

"Sijaandika."

"Lakini umecheza?"

Uongo mzuri nilikuwa nao, tayari mdomoni. Lakini watu walikuwa wamekwisha kumsifu, na sifa zenyewe ndizo hizo.

"Nimecheza. Naanguka tu, mwanangu. Paa lile la pili. Roho inanienda mbio mpaka natupa simu kitandani. Sikuupenda."

Nikajiona kama nimemsukuma mimi mwenyewe kutoka juu ya paa.

"Paa la pili," akasema taratibu. "Lile lenye barafu?"

"Mimi barafu siijui. Nikimwambia babu asimame, hasimami."

"Hebu nionyeshe."

Tukakaa mezani. Nikawa nacheza, naye hatazami kioo cha simu, anatazama vidole vyangu. Babu akaanguka.

"Tena."

Akaanguka tena.

"Hapo ulibonyeza ukiwa umefika ukingoni, au kabla?"

"Nitajuaje? Nilifumba macho."

Akacheka, na hiki kilikuwa kicheko tu, bila machozi. Kisha, bila kuangalia, mkono wake ukaenda kwenye sahani niliyomwekea tangu mchana, ukamega mkate. Akatafuna. Akamega tena.

"Endelea, mama. Usiache."

Sikuthubutu kumtazama. Nilimrudisha babu juu ya paa, nikaendelea kuanguka.