Safari Zangu za Kakuma Zisizo na Vumbi

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu ni ile nyanya yangu aliponipokonya kikapu mkononi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, nimekaa mbele ya nyumba yetu hapa Lodwar, nasuka majani ya mkoma. Wewe unanijua na miwani yangu na magoti yanayolia kila nikiinuka. Wakati ule vidole vilikuwa vyepesi, na ule mstari mweusi wa kikapu niliweza kuuzungusha huku nikipiga soga na watu watatu.

Nyanya alikigeuza kikapu, akakisogeza karibu na jicho lake moja lililokuwa bado linaona. Mstari ulianza vizuri chini, ukapanda, halafu ukaenda ulikotaka wenyewe.

"Hapa ulikuwa wapi?" akauliza kwa Kiturkana, kidole kikiwa juu ya kosa.

"Nilikuwa hapa tu, Nyanya."

"Mikono ilikuwa hapa. Nakuuliza wewe."

Nilikuwa Kakuma, nikamwambia. Nikamweleza yote, maana Nyanya hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili.

Kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, alikuwako rafiki yangu Furaha kutoka Kongo, fundi wa nguo. Tulijuana siku niliyopeleka vikapu kule, jua likanizidi, akaniita kwenye kivuli cha kibanda chake akanipa maji. Tangu hapo kila nikienda Kakuma nalala kwake. Alijifunza kunisalimu "ejok" kwa lafudhi ya kwao, tunacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Sikuzaliwa na dada, na tangu nimpate Furaha nilikuwa nimeacha kumtamani.

Halafu jina lake likatoka. Alikuwa amekubaliwa kwenda kuishi ng'ambo, yeye na mama yake, na aliniambia huku amenishika mikono yote miwili. Badala ya kufurahi niliiona nyumba ile bila yeye. Uchungu ukanipanda, nikasema, "Nenda basi. Nyinyi mmezoea kuondoka." Mwanangu, nilimwambia hivyo mtu aliyetoka kwao amembeba mama yake mgongoni! Aliniachia mikono taratibu, akarudi kwenye cherehani. Nami nikapanda gari bila kuaga.

Baada ya hapo nilimwomba msamaha kila siku. Ila nilimwomba nikiwa nimekaa na kikapu changu. Mikono inasuka, mimi nashuka Kakuma, nabisha mlango, namwambia, "Furaha, nilisema vile kwa sababu naogopa kubaki bila wewe." Naye ananijibu vizuri, ananivuta ndani, tunakula ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao. Siku nyingine analia kwanza, siku nyingine ananitania. Nikirudi kutoka huko, moyo umetulia, nimeshiba kabisa. Asubuhi pikapu ya Kakuma inapiga honi pale stendi, naisikia, najiambia kesho, leo kuna upepo. Kesho yake najiambia nimalize kikapu hiki kwanza. Nilidhani kukata shauri ni kazi ya wazee wakikaa kikao. Kumbe kila "kesho" niliyoitamka ilikuwa shauri nimekwisha kulikata, na wakati wa kulikata mwenyewe sikuwapo.

Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama miguu yangu.

"Umekwenda Kakuma mara zote hizo," akasema, "na miguu haina vumbi?"

Akanirudishia kikapu, akaenda zake kuangalia mbuzi.

Nilisafiri kesho yake. Nilifika jua liko utosini, kikapu kilichopinda mkononi, maneno yangu tayari. Mlango wa Furaha ulikuwa na kufuli. Jirani yake, mama wa Kikongo aliyekuwa anachambua maharagwe, alinitambua, akaitikia salamu.

"Alishaenda, dada. Juzi. Alikungojea sana. Kila gari yenye ilisimama pale, alitoka inje kuangalia."

"Aliacha neno lolote?"

"Alisema kama unafika, nikupatie maji ya kunywa."

Akaniletea. Niliyanywa nimesimama, na machozi yakiingia humo humo kikombeni. Mpaka leo sijui kama maji yale yalikuwa msamaha, au ilikuwa desturi yake tu ya kumpa maji mtu anayetoka juani. Hilo ndilo ningemuuliza.

Siku hizi barabara ya Kakuma ni lami, na kikapu kile ninacho, sikukifumua. Bado namtembelea Furaha kichwani. Namkumbuka sana, mwanangu, sana. Lakini sauti yake imenipotea, na anayenijibu ni mimi mwenyewe. Nilichelewa mno kutambua kwamba hata zamani nilikuwa najijibu mwenyewe.

Basi sikukatazi kuwaza. Akili itazurura tu, hata kanisani inazurura, nami nimekuona. Mara nyingi inakwenda kwa mtu unayempenda au kwa jambo linalokungoja. Ukiikamata iko huko, jiulize swali la Nyanya: hapa nilikuwa wapi? Kisha kata shauri pale pale, kabla utamu wa mawazo haujakushibisha. Naenda au siendi. Ukisema siendi, useme ukijua. Wiki nzima nimekuona na hiyo simu, unaandika, unafuta, unatabasamu peke yako. Yule unayemwandikia hajasikia hata neno moja.

Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu, Akuj wa mama zetu, akupe mvua na maziwa. Kila mlango utakaobisha, aufungue yule unayemtafuta, akiwa bado yupo. Na akurudishe nyumbani kwako salama, miguu imejaa vumbi.