Paka Aliyemtangulia Teresiah

Teresiah Wangechi aliolewa akiwa na miaka thelathini na minane, na cherehani yake ilifika nyumbani kwa bwana harusi siku mbili kabla yake. Nyumba ilikuwa mtaa wa Jericho, jijini, moja ya zile nyumba za kaunti za vyumba viwili na jikoni finyu, na mumewe Owiti alizaliwa humo. Baba yake Owiti, karani wa reli, ndiye aliyeipata. Alipofariki, ikabaki kwa mama. Mama alipofariki, ikabaki kwa Owiti, pamoja na paka.

Kwao Teresiah, upande wa Othaya, paka alilala ghalani, akala panya, na hakuna aliyejisumbua kumpa jina. Huyu wa Jericho aliitwa Lando, yaani mwekundu kwa Kijaluo, kwa ajili ya manyoya yake mekundu kama udongo wa kiangazi, na Owiti alimsemesha Kijaluo kila asubuhi kabla hajamwambia mke wake neno.

"Huyu amenishinda Kijaluo," Teresiah alisema wiki ya kwanza, na wote wawili wakacheka. Hawakulicheka jambo hilo tena.

Chumba cha pili kilikuwa cha marehemu mama mkwe. Kitanda chake kilichukuliwa na Adoyo, dada yake Owiti anayeishi mtaa wa Umoja, na pale kilipokuwa ndipo Teresiah akaweka cherehani. Lando hakukubali. Asubuhi kwa asubuhi Teresiah alimkuta ameketi katikati ya sakafu, akimtazama bila kupepesa. Akikanyaga pedali, paka anapigapiga mkia chini. Akivuta kitambaa, paka anakirukia kwa kucha. Kufikia mwezi wa tatu mikono yake yote miwili ilikuwa na michirizi, na wateja waliokuja kupimwa wakawa wanaitazama kisha wanaangalia kando.

Michirizi aliivumilia. Kilichomshinda ni kanzu. Kwaya ya kanisa lake, ambayo yeye mwenyewe aliimba sauti ya kwanza, ilimpa kazi ya kanzu ishirini na nne nyeupe za kuvaliwa Pasaka. Mchana mmoja wa Kwaresima alitoka dukani akakuta tisa alizokwisha kuzimaliza zimekojolewa. Alizifua kwa sabuni, akazifua kwa siki, akazisugua kwa ndimu na magadi. Zilipokauka zilionekana safi, lakini pasi ilipozipitia tu, harufu iliamka.

Owiti alirudi jioni kutoka Industrial Area, ambako ni fundi wa kukereza vyuma. Alikuta kanzu imetandazwa juu ya meza ya chakula.

"Nusa," Teresiah akamwambia.

Akanusa. "Nitakuwa namfungia jikoni."

"Ulisema hivyo mwezi jana."

"Ni mzee, Teresiah. Ana miaka kumi na miwili. Utashindana na mnyama mzee?"

"Mimi nashona, yeye anakojoa. Mashindano yako wapi hapo? Mwambie basi aache, kwa hiyo lugha yenu."

Owiti aliikunja kanzu polepole. "Usinilazimishe kumtoa."

"Sijasema umtoe."

"Hujasema kwa mdomo. Kwa macho unasema kila siku."

Ilikuwa kweli, na Teresiah alilijua hilo.

Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi, ghala analonunulia vitambaa lilimletea jora jipya la kurudishia zile kanzu tisa. Dereva, kijana mpole aitwaye Magan, aliegesha pikapu nje ya mlango, akaacha nyuma wazi, akaingia na jora begani. Hata kabla hajamaliza kulitua, Lando alishalirukia na kuanza kulikanyagakanyaga. Teresiah alichukua fagio. Alimpiga mgongoni, mara moja, kwa nguvu, na lile pigo halikuwa la kumfukuza tu. Paka alichomoka nje kama mshale, na Teresiah akafunga mlango nyuma ya Magan. Akasikia pikapu inawaka na kuondoka. Siku ile alishona bila kutazamwa na mtu wala mnyama, akamaliza kanzu mbili.

"Lando yuko wapi?" Owiti aliuliza kabla hata hajavua viatu.

"Alitoka."

"Saa ngapi?"

"Sijui. Mlango ulikuwa wazi, akatoka."

Owiti alizunguka mtaa mzima akiita hadi giza likaingia. Jumamosi alichungulia mitaro yote mpaka barabarani, akamwuliza Fowsiya wa duka la kona, akawauliza wauza mboga sokoni. Jumapili hakwenda kanisani. Chakula alikuwa anakigusa na kukiacha. Wala hakumlaumu mkewe. Aliacha tu kumtazama, na nyumba ya vyumba viwili watu wakiacha kutazamana, hakuna pa kupumulia.

Jumatatu Adoyo alikuja. Alikataa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wifi," akasema, "hebu niambie ukweli. Umemfanya nini paka wa mama?"

"Sijamfanya kitu."

"Kuna watu huweka sumu ya panya ndani ya dagaa wa omena. Paka anakufa huko mbali, mtu anasema alitoka mwenyewe."

Teresiah aligeuka kumwangalia mumewe. Alingoja aseme neno moja tu, hata "Adoyo, basi". Owiti alikuwa ameinamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Hapo ndipo Teresiah alipojua kwamba siku tatu hizo alikuwa anaishi na mtu anayemdhania muuaji. Na hakuweza kujitetea kikamilifu, kwa sababu ya lile fagio.

Alhamisi Kuu alipungukiwa kitambaa cha kola. Akaenda mwenyewe ghalani, Industrial Area, kabla watu hawajafunga kwa sikukuu. Magan ndiye aliyekuwa na funguo siku hiyo. Wenzake walikwisha kwenda. Akampimia mita zake, na akiwa anakata, sauti ikatoka nyuma ya marobota ya jinzi. Ilikuwa nyembamba, imekauka, kama mlango unaofunguliwa mbali.

"Huyo anatusumbua tangu wikendi," Magan akasema. "Sijui aliingiaje. Amejibana huko nyuma, ukimkaribia anarudi ndani zaidi. Sasa tunafunga saa saba mpaka Jumanne. Tukirudi atakuwa ashanyamaza."

Teresiah aliinama, akachungulia kati ya marobota. Macho mawili yalimrudishia mtazamo. Kiuso chekundu kilikuwa kimekonda, masharubu yamejaa vumbi. Pikapu, akawaza. Alikimbilia nyuma ya pikapu.

Akasimama wima. Akapokea kitambaa, akasema asante, akatoka.

Nje malori yalikuwa yamepanga foleni na wafanyakazi walikuwa wakitoka viwandani makundi kwa makundi, wengine wakielekea mtaa wa Mukuru kwa Reuben na mifuko ya unga ya sikukuu. Teresiah alitembea upesi, kitambaa kwapani. Hakuna aliyejua kwamba amemtambua paka. Hakuwa ameweka sumu. Hakuhitaji hata kusema uongo mpya. Ule wa kwanza ungetosha. Owiti angehuzunika wiki mbili, tatu, kisha angezoea, kama watu wanavyozoea mambo makubwa kuliko paka. Chumba kingekuwa chake.

Alifika kwenye njia ya reli. Akasimama kando ya mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma, na bila kutaka akaanza kuhesabu siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Akakwama kwenye Jumapili. Siku hiyo angekuwa amesimama mbele ya kanisa katika kanzu nyeupe, mdomo wazi, akiimba, na paka bado analia kule gizani. Labda bado. Au labda angekuwa amenyamaza tayari, na yeye ndiye peke yake duniani angejua.

"Mama, ni la kuchoma sana au kidogo?" mwuza mahindi akamwuliza.

Teresiah alikwisha kugeuka.

Alianza kwa kutembea, akamaliza kwa kukimbia, na viatu vyake havikuwa vya kukimbilia. Lango la ghala lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Alilipiga kwa viganja, akaita. Kimya. Kisha akaiona pikapu kwenye kona, taa ya kukatia kulia inawakawaka, inangoja nafasi ya kuingia barabara kuu. Teresiah alikimbia akaipita, akajisimamisha mbele yake.

Breki zililia. Magan alitoa kichwa dirishani. "Madam! Unataka nikuue siku ya sikukuu?"

"Fungua ghala."

"Nimefunga. Nina safari ya Garissa, basi halinigojei."

"Yule paka ni wa mume wangu."

Magan alimkodolea macho. "Lakini saa ile uliinama, ukamwona."

"Nilimwona."

"Na ukaenda."

"Nikaenda. Fungua, tafadhali."

Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Kisha akarudisha gari nyuma.

Walihamisha marobota kumi na moja. Paka alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, na Teresiah alipomshika, alimng'ata kidole gumba hadi mfupa. Hakumwachia. Alimfunga ndani ya kitambaa cha kola, damu ikaingia kwenye kile cheupe, na Magan akawasogeza kwa pikapu hadi Jogoo Road.

"Kidole uoshe kwa sabuni na maji mengi, na usikose sindano," alimwambia akimteremsha. Kisha akaondoka kuliwahi basi lake.

Owiti aliporudi saa kumi, Lando alikuwa sakafuni jikoni akinywa maji, mbavu zinahesabika. Owiti alipiga magoti na ovaroli lake la kazini. Hakuita jina. Alimwekea mkono mgongoni, akazipitia mbavu moja moja kwa vidole.

Baadaye akauliza, "Ulimpata wapi?"

Teresiah alikuwa ametoka zahanati, kidole kimefungwa bandeji. Angeweza kusema "ghalani" na kuishia hapo. Akavuta kiti akaketi, akamweleza yote: fagio, pikapu, uongo wa Ijumaa. Akamweleza pia kwamba leo alimwona, akamwacha, akaondoka.

"Ulifika wapi?"

"Relini."

"Ukasimama muda gani?"

"Muda wa kutosha."

Owiti aliinuka akaenda kusimama dirishani. Aliposema, alisema bila kugeuka.

"Siku mama anakata roho nilikuwa kazini, kwenye mashine. Asubuhi aliniambia, 'Leo usiende.' Nikamwambia nitarudi mapema. Majirani walinipigia saa nne. Nilipoingia mle chumbani, Lando alikuwa amelala kifuani pake, na mkono wa mama uko juu yake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa naye. Ilipaswa niwe mimi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba namheshimu paka kwa sababu alinifanyia kazi yangu?"

"Ungeniambia hivyohivyo, Owiti. Nimeweka cherehani yangu mahali mama yako alipofia na hakuna aliyefungua mdomo. Nilidhani paka ana kichaa." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, na aliiacha ipande. "Na Jumatatu, dada yako aliponiita muuaji, ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Uliamini ni mimi."

"Ndiyo."

Teresiah alikitazama kidole chake. "Basi," akasema, "hukukosea sana."

Hawakukumbatiana. Waliipitisha Pasaka kwa uangalifu, kama watu wawili wanaobeba sufuria ya maji yanayochemka mlangoni. Kanzu zilikamilika Jumamosi jioni, na Jumapili Teresiah aliimba. Owiti alikaa safu ya nyuma, akaondoka kabla ya matangazo.

Jumanne alirudi kazini, na kwa siku nne mfululizo alichelewa kurudi. Siku ya tano alikuja na mkokoteni, na juu yake kabati la chuma alilolichomelea mwenyewe, lenye milango ya wavu wa matundu madogo kiasi kwamba kucha haipiti. Alilisimamisha chumbani, akazipanga nguo za wateja ndani moja moja. Kisha akampigia simu Adoyo. Kwa kawaida wale ndugu huongea Kijaluo. Siku hiyo Owiti alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Mke wangu ndiye aliyemrudisha. Ukija hapa, msalimie kwanza, mengine baadaye."

Adoyo alikuja baada ya mwezi. Alisalimia kwanza. Samahani hakuomba, lakini chai alikunywa vikombe viwili.

Paka na Teresiah hawapendani mpaka leo. Owiti akiwa na zamu ya asubuhi, Teresiah ndiye anayemwekea chakula, naye Lando hakigusi hadi ahakikishe aliyeweka sahani ameondoka.

Agosti, Jumapili moja mchana, Owiti alikuwa akipiga pasi shati lake akauliza ghafla, "Kama usingegeuka pale relini, ungeniambia siku moja?"

Teresiah alifikiri. Angeweza kumpa jibu la kumfurahisha.

"La," akasema. "Nisingekuambia kamwe."

Owiti alimaliza kola, akamaliza mkono mmoja, akaugeuza mwingine. "Sawa," akasema. "Nilitaka kujua tu." Akachomoa waya wa pasi ukutani, akaenda jikoni kubandika chai ya watu wawili.