Bibi Hachomi Chungu Kimoja

Printa ya ofisini kwetu ikishapata moto hutoa harufu ya vumbi lililoungua. Wenzangu hukimbilia kufungua dirisha. Mimi huivuta harufu hiyo mpaka mwisho, kwa sababu inafanana kabisa na ile iliyokuwa ikitoka uani kwa bibi yangu, ufukweni karibu na Matema, siku za kuchoma vyungu: udongo, nyasi kavu, na moshi unaokaa kwenye nywele mpaka Jumatatu.

Niseme mapema mimi ni nani, mjue kwamba anayewasimulia si mtu wa kubahatisha. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Niliisomea Mbeya huku nikiuza vitumbua alfajiri, nikafanya kazi Dar es Salaam miaka minane, kisha nikarudi Kyela kwa hiari yangu, wakati wenzangu wakinong'ona kwamba anayerudi nyumbani ameshindwa. Masijala niliyoikuta ilikuwa ikitafuta jalada moja kuanzia saa ya chai mpaka saa ya chakula. Leo mtu akitaja jina lake, jalada liko mezani kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Watu wa ofisi za jirani wanakuja kuniuliza natumia programu gani. Natumia ile ile waliyo nayo wao. Tofauti yetu ilianza mwaka niliokuwa darasa la sita.

Mama yangu alikuwa karani wa shule moja ya sekondari huko Makwale. Alichapa kwa taipureta nyeusi iliyokuwa nzito kama kinu, na mlio wake ulisikika mpaka kwenye majaruba ya mpunga nyuma ya shule. Waliokuwa wakipalilia walijua saa kwa mlio huo. Ukinyamaza, wananyoosha migongo na kusema, "Mama Atu anakunywa chai." Atu ni mimi, Atupele.

Kisha kompyuta ikaja. Ililetwa na wafadhili pamoja na printa yake, ikawekwa kwenye chumba kidogo kando ya ofisi ya mkuu wa shule, ikafunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kama kile cha juu ya redio. Ukiingia unavua viatu. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa hiyo tu, kufunikwa na kufunuliwa wageni wakija. Mama aliifuta vumbi kila asubuhi, kisha akarudi kwenye taipureta yake.

Mwezi wa Mei mkuu wa shule akamwita. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikimsubiri mama, nikasikia yote.

"Mama Atu, bodi imekaa. Wanauliza kwa nini tuna mashine tusiyoitumia."

"Sijafundishwa, Mkuu."

"Ndilo wanalosema. Kuna binti yuko Mbeya ana cheti cha kompyuta. Nimekuombea nafasi moja. Siku ya kufunga shule kila mzazi apate barua ya mwanawe iliyotoka kwenye hiyo kompyuta. Ikishindikana, mezani kwako atakaa yule binti."

Mama alisema, "Nimesikia, Mkuu," akatoka, akafunga kanga yake upya kiunoni kama mtu anayekwenda kubeba mzigo. Baba alikuwa ameshafariki, na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya shule. Hata mtoto wa darasa la sita alielewa kwamba yule binti wa Mbeya angekalia zaidi ya meza.

Sasa, mimi nilikuwa mtaalamu. Likizo iliyopita nilikaa mjini Kyela kwa mjomba, mwenye duka la vifaa vya ofisi, na huko nilikuwa nimeona kompyuta ikiwashwa, nikaandika jina langu, na jina langu likatoka kwenye karatasi. Kwa elimu hiyo nilitamba kijiji kizima. Nikamwambia mama, "Usiogope. Mimi nitakufundisha."

Tulianza kesho yake. Alikaa mbele ya kioo kama yuko mbele ya askofu. Kila alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto uliruka juu kusukuma kile chuma cha kurudisha karatasi kwenye taipureta, ukapiga hewa. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Naye akacheka, kisha akaufunga mkono ule kwa leso kwenye mkono wa kiti mpaka ukakoma.

Mimi niliamini kompyuta ni mbio. Anayechapa haraka ndiye anayeiweza. Kwa hiyo nilimhimiza, "Haraka, mama, haraka!" Naye akawa anaandika barua ya mwanafunzi wa kwanza kuanzia juu mpaka chini: jina la shule, ndugu mzazi, siku ya kufunga, siku ya kufungua, vitu vya kuja navyo, jembe na ndoo na ufagio. Halafu anaanza ya mwanafunzi wa pili kwenye ukurasa unaofuata, kuanzia juu mpaka chini tena, jembe na ndoo na ufagio. Wanafunzi walikuwa zaidi ya mia mbili. Vidole vyake vilivimba.

Ijumaa ya wiki moja kabla ya kufunga shule tulikuwa tumefika barua ya thelathini na moja. Mvua yetu ya Kyela mnaijua. Haikupiga hodi, ilishuka yote kwa mara moja juu ya bati. Radi ikapasua, taa ikazimika, na kioo kikawa cheusi. Umeme uliporudi, mama aliiwasha kompyuta akanitazama.

"Ziko wapi?"

Sikujua. Dukani kwa mjomba tuliandika na kutoa kwenye printa hapo hapo. Sikuwahi kuona mtu akisevu kitu, na neno lenyewe sikulijua. Mtaalamu mimi nilisimama pale nikitazama vidole vya miguu yangu. Mama hakulia wala hakunigombeza. Alitandaza kile kitambaa cha maua juu ya mashine, akakinyoosha pembe zote nne, akasema, "Kesho tunakwenda kwa bibi yako. Alituomba tukamsaidie vyungu."

Nilidhani amekata tamaa.

Bibi, mama yake mama, alikuwa Mkisi, na kama wanawake wengi wa pale ufukweni alifinyanga vyungu vya kuuza kwenye mnada wa Jumamosi. Tulifika kwa baiskeli, nyuma ya nyumba milima imesimama na mbele ziwa limetulia. Bibi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, udongo mpaka kwenye viwiko. Hakutusalimu kwa maneno mengi. "Mmekuja? Ndaga, asanteni. Chukueni maji."

Jumamosi ile hakwenda mnadani; alikuwa na vyungu vya mnada wa wiki inayofuata. Nilishamwona akifinyanga mara nyingi, lakini siku ile nilimwona mama akimtazama, na ndiyo sababu nikaona. Bibi hakumaliza chungu kimoja ndipo aanze kingine. Alikaa na udongo juu ya kigae kilekile cha siku zote, kigae kilichorithiwa, akikizungusha kwa mkono, akatoa mdomo na mabega ya chungu, akaweka kivulini. Kingine tena. Kingine. Mpaka uani kukawa na safu ya vyungu vilivyokaa kifudifudi, vyote mabega matupu, havina vitako. Ndipo akarudi mwanzo wa safu akaanza kufunga vitako. Tena vikubwa vya kupikia aliviweka peke yake, vya maji peke yake, vidogo vya mboga peke yake.

Kulikuwa na vichache vya juma lile vilivyokwisha kukauka. Kwa ujuaji wangu nikasema, "Bibi, hivi si tuvichome leo?"

"Wewe," alisema bila kuinua macho, "nani alikwambia nachoma chungu kimoja kimoja? Kuni ni za baba yako? Kikishaungua huwezi kukirekebisha tena. Vikauke vyote, nivipitie vyote kwa kidole, ndipo moto."

Mama akaacha kukoroga udongo. Alinawa mikono, akaniambia, "Atu, nipe daftari lako."

Jumatatu hakuiwasha kompyuta. Nilikasirika. Siku zilikuwa zimebaki nne, naye amekaa na kalamu! Alipanga mezani barua za miaka ya nyuma, akazisoma, akachora mistari daftarini. Nikamwambia binti wa Mbeya asingefanya hivyo. Akasema, "Binti wa Mbeya akija atafanya atakavyo. Mimi bado nipo."

Mchana akanionyesha. Barua zaidi ya mia mbili, kumbe zilikuwa nne. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Ndani ya kidato kimoja hakuna kilichobadilika isipokuwa jina la mtoto. "Hivi ni vigae vyangu," alisema. Mahali pa jina aliweka mstari wa nukta, walimu wa darasa wajaze kwa kalamu.

"Kwa kalamu! Hiyo siyo kompyuta, mama!"

"Kalamu inaandika jina vizuri. Mashine tuipe kile kinachotuvimbisha vidole."

Alimtuma mtu kwa mjomba na karatasi yenye maswali mawili: barua inawekwaje isipotee, na mashine inaambiwaje itoe nyingi. Majibu aliyaandika daftarini kwa hatua, moja, mbili, tatu, akayafuata kama anavyofuata liturujia. Jumanne jioni barua zote nne zilikuwa zimekamilika na zimeseviwa. Jumatano nilimganda kutwa nzima. "Tuprinti, mama. Tuprinti tumalize!" Akakataa. Alizipitia tena na tena, kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari. "Bado havijakauka," alisema.

Alhamisi asubuhi mkuu wa shule akaingia na viatu vyake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Taarifa ilikuwa imekuja: siku ya kufungua shule imesogezwa mbele wiki moja.

"Basi, Mama Atu," alisema, ameshika kichwa. "Ulishazitoa zote, najua. Tuandike ubaoni tu. Bodi nitawaeleza."

"Nipe mpaka saa nane, Mkuu."

Alifungua barua ya kidato cha kwanza, akabadilisha tarehe, akasevu. Cha pili, cha tatu, cha nne. Nilihesabu: mara nne tu. Kisha akanisogezea kiti. "Haya, mtaalamu." Na mimi, kwa kidole kimoja, nikaandika idadi ya nakala. Printa ikaanza kulia, ikapata moto, na chumba kikajaa ile harufu. Mama alikunja mikono akaisikiliza kama mtu anayesikiliza chungu kikilia motoni.

Saa saba na nusu karatasi zilikuwa zimepangwa katika mafungu manne. Mkuu wa shule alichukua moja, akaigeuza, akasoma. "Na majina?"

"Walimu wa darasa wana kalamu, Mkuu."

Akacheka kwa sauti. Kisha akauliza, "Nani amekufundisha haya?"

Nikanyoosha shingo. Nilikuwa nimeshaandaa uso.

"Mama yangu," alisema mama. "Na huyu mwanangu."

Jamani, niliumia. Bibi, ambaye hakuwa anajua hata kuwasha redio, atajwe mbele yangu! Nilinuna mpaka Jumapili kanisani. Mama alibaki na meza yake na sisi tukabaki na nyumba, lakini mimi nilikuwa nadai heshima yangu.

Nilidai kwa miaka. Kisha, chuoni, siku ya kwanza, tulipewa kazi ya kuchapa barua hamsini. Darasa zima likavamia kibodi, vidole vikinyesha kama mvua. Nikajikuta nimetoa daftari. Nilimaliza wa kwanza, na nikiwa nimekaa bure, nikiwatazama wenzangu wakianza kila barua kuanzia juu, ndipo nilipomwona bibi amekaa chini, miguu ameinyoosha, na safu yake ya vyungu kifudifudi. Siku ile niliacha kununa.

Stashahada yangu imetundikwa ukutani kwenye fremu, na sitaishusha, niliisotea. Lakini mtu akiniuliza nani alinifundisha kazi, najibu kwa mpangilio ule wa mama: bibi kwanza.

Wiki iliyopita bosi alisimama mlangoni kwangu, saa mkononi, akaniuliza mbona sijaprinti, na taarifa zote ziko tayari tangu juzi. Nilikuwa nimeweka kidole juu ya kioo, niko mstari wa tatu.

"Bado havijakauka, bosi," nikamwambia.