Salamu Maria za Ziada

Kila mwaka watoto wa hapa Katesh wanapokaribia Komunyo ya kwanza, mama zao hunifuata niwachagulie rozari. Wanasema mimi nazijua. Ni kweli nazijua. Nawaambia waachane na zile za plastiki zinazong'aa gizani, maana rangi yake inabanduka kwa jasho la mtoto kabla hata ya Krismasi. Nawaambia wavute uzi kidogo waone kama fundo linateleza, wazipitishe punje zote vidoleni wakiwa wamefumba macho, na ile itakayowakwaruza waiache hapo hapo mezani kwa muuzaji. Wananiitikia, ndiyo mwalimu, asante mwalimu. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba ujuzi huu niliuanza kwa kuiharibu rozari ya mama yangu mzazi, na kwamba kwa kuiharibu nilimpotezea kaburi la mtoto wake wa kwanza.

Niseme kwa mpangilio, maana nikianza na hasira sitafika mbali.

Shamba letu lilikuwa uwandani, upande wa Balangdalalu, kule ambako baadaye ukisimama uliona ngano tu mpaka macho yanachoka. Kaka yangu alikufa kwa surua kabla sijazaliwa, akiwa na miaka miwili. Kwetu tunazika nyumbani, kwa hiyo alizikwa pale pale shambani, nyuma ya nyumba, na baba akapanga mawe juu yake. Nilikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni walipokuja watu wa shamba la serikali na vigingi vyao. Wakasema eneo lote linachukuliwa kwa ngano ya taifa, sisi tusogee kule mlimani. Baba akauliza kuhusu kaburi. Mmoja wao akamjibu kwamba wafu hawali ngano, wakacheka, wakaendelea kupigilia vigingi. Baba alikuwa mtu mpole. Mimi ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini, lakini nisingenyamaza.

Mama naye akafanya lake. Siku moja kabla ya matrekta kuingia, alichukua mbegu alizokuwa amezikusanya kwenye majani ya kinamasi, zile za kijivu, ngumu, ambazo zimezaliwa na tundu katikati. Alikuwa amezikusanya ili ajitengenezee rozari. Alichukua pia ukano wa ng'ombe, ule mshipa mgumu uliokaushwa ukawa kama uzi, akaenda kwenye jabali lililokuwa kwenye kona ya shamba. Jabali lile ni kubwa kuliko nyumba, na alijua hakuna trekta litakaloling'oa. Akaanza kutembea kwenye mpaka wa shamba lake. Kila hatua ishirini alitunga mbegu moja. Alipofika kwenye pembe alitunga mbegu kubwa nyeusi, akakata kona, akaendelea. Pande nne, mafungu manne. Fungu la tano lilitoka kona ya mwisho, likaingia ndani ya shamba moja kwa moja mpaka kwenye mawe ya mwanawe. Hapo alifunga.

Baadaye katekista alimpa msalaba mdogo uliotoka kwenye rozari iliyokatika, na padri akaibariki bila kuihesabu. Nani atahesabu rozari ya mama mkulima? Ilikuwa na mafungu matano, ina msalaba, inatosha. Lakini shamba halipimwi na Mama Kanisa. Fungu moja lilizidi mbegu kumi zinazotakiwa, jingine lilipungua, jingine likazidi tena. Ramani nzima ya shamba letu ilikuwa shingoni mwa mama yangu, na walinzi wa ngano waliokuwa wanakamata hata ng'ombe aliyepotea walikuwa wanampita njiani na kumwamkia.

Haya yote mimi sikuyajua. Sisemi hivyo ili nijitetee. Nasema tu kwamba mama aliificha siri yake vizuri mno, kwa sababu siku zile mtu aliyelalamikia ardhi aliitwa mpinga maendeleo, na baba alikuwa amepata kibarua cha kushona magunia huko huko kwenye ngano. Mtoto akijua, shule nzima itajua.

Nilichokijua mimi ni aibu. Mwezi wa Oktoba, jumuiya ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba kusali rozari. Mama alikuwa anasali kwa macho yaliyofumbwa, akisubiri mbegu kubwa imguse kidole ndipo aseme Baba Yetu. Ndiyo kazi ya rozari, jamani, kukuondolea kuhesabu. Sasa wenzake wakimaliza kumi wakanyamaza, yeye huyo anaendelea peke yake, Salamu Maria, tena Salamu Maria, sauti yake nyembamba kwenye nyumba iliyojaa watu. Fungu jingine alimaliza mapema, akakaa kimya wenzake wakiendelea. Wasichana wa darasa letu walikuwa wanabinyana. Mmoja aliniuliza kama mama yangu anamdai Bikira Maria. Nilitamani ardhi inimeze. Na kila Oktoba nilizisikia zile Salamu Maria za ziada kwa masikio yangu haya, na sikuwahi kuzihesabu. Nilikuwa nimeziba moyo nisizisikie. Leo ningelipa chochote nizisikie tena mara moja tu.

Na alivyoitunza! Hakuna kitu cha fedha kinachotunzwa vile. Jumamosi aliipaka samli kidogo kwa ncha ya kidole, punje moja moja, kisha akaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Wakati wa mvua aliitundika juu ya moto, mbali kidogo na moshi mzito, ili ukano usioze na wadudu wasiuguse. Hakuruhusu mtoto aivae wala aichezee. Mimi niliona ni ushamba. Nilikuwa darasa la saba, nimekuwa kiongozi wa sala shuleni, nina kiherehere cha mtu aliyejua matendo yote ya rozari kwa kichwa, na sista alikuwa amenisifia mbele ya wenzangu. Nilijiona nimefika.

Mwaka huo mama aliugua, akalazwa hospitali ya misheni majuma matatu. Kwa sababu ukano ulikuwa umechakaa sana, aliogopa rozari isije ikamkatikia kitandani, akaiacha imetundikwa nyumbani. Nikaona nafasi imejitokeza. Nilisema moyoni mama atarudi akute zawadi. Nilichukua uzi mweupe wa kushonea magunia ya ngano, ule ambao baba alikuwa anarudi na vipande vyake mfukoni, imara kabisa, haukatiki kwa meno. Nikaukata ule ukano kwa kisu. Mbegu zote zikamwagika kwenye ungo.

Nikaanza kazi. Kumi, nyeusi. Kumi, nyeusi. Nilichagua zilizolingana, zenye ufa nikazitoa, na zilizobaki nikazimwaga uani. Kuku wakaja mbio wakidhani ni mahindi, wakazidonoa, wakaziacha. Nilifunga fundo zuri, nikalichoma kwa kijiti cha moto lisifumuke. Nilipoishika mkononi niliona rozari kamili, ya kikristo, isiyomtia mtu aibu. Nilijisifu peke yangu kama mjinga.

Mama alirudi amekonda, anashika ukuta. Nilimpa hata kabla hajanywa uji. Aliipokea kwa mikono miwili, akatabasamu kwanza kwa sababu ya ule weupe wa uzi, kisha vidole vikaanza kutembea. Nilimwona uso ukibadilika alipoigusa nyeusi ya kwanza. Akarudi mwanzo. Akatembea tena. Mara ya tatu alikaa chini, pale pale mlangoni.

Akaniuliza, "Zilizobaki umezipeleka wapi?"

Nikamwonyesha uani kwa fahari. Nilidhani anataka kuziweka akiba.

Mama yangu, mgonjwa, alipiga magoti kwenye kinyesi cha kuku akatafuta mbegu mpaka jua likazama. Alipata tano. Akaniuliza nilikuwa nimetoa ngapi. Sikujua. Akaniuliza zilitoka fungu lipi. Sikujua. Ndipo akanieleza yote, taratibu, bila kunipiga. Afadhali angenipiga. Nilikuwa nimesimama na vidole vyangu vya mwanafunzi bora, na kila alichokieleza kilikuwa kimeshatungwa upya kwa uzi wa watu wale wale waliompitishia trekta juu ya mwanawe.

Tulijaribu kurudisha. Alijifunga kitambaa machoni, akasali tena na tena, nami nikiongeza na kupunguza mbegu ili vidole vyake vikumbuke. Fungu la kwanza alisema ni kama limezidi tatu. Kesho yake akasema nne. Kuhusu lile la tano, la kwenda kaburini, hakuthubutu hata kukisia. Baada ya wiki mbili aliniambia niache, nirudishe kumi kumi, asali kama watu wengine. Oktoba iliyofuata alimaliza pamoja na jumuiya, hakuna aliyecheka. Nililia mimi.

Tulikaa na jambo hilo miaka na miaka. Nikawa mwalimu, nikapangiwa Masakta. Baba akafa. Lile shamba la serikali likaanza kuchoka, mashine za kuvunia zikaota majani, mwishowe tukasikia sehemu ya ardhi itarudishwa kwa wananchi. Watu waliokuwa na mashamba waje waonyeshe mipaka, waseme kwa mdomo wao mbele ya kamati, majirani washuhudie. Mama alikuwa mzee tayari, macho yamefunikwa na ukungu. Alinitumia ujumbe nije nimpeleke. Nikaja nikiwa na matumaini, Mungu anisamehe.

Siku hiyo uwandani kulijaa watu. Nimeona mambo mengi ya kuudhi, ila hilo limenikaa kooni. Watu ambao baba zao hawakuwahi kulima hata tuta moja pale walinyoosha mikono bila kutetemeka: kuanzia pale mpaka kule, mpaka yule ng'ombe mweupe. Kamati ikaandika. Jamaa mmoja, ambaye nilijua wazi kwamba familia yake ilihamia baada ya ngano kuingia, alipewa eneo kubwa kutoka upande wa mashariki wa jabali letu, kwa sababu alisema kwa sauti.

Zamu ya mama ikafika. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti, akasema jabali kila mtu analijua kuwa ndipo shamba la mzee lilipoanzia, hilo halina ubishi. Kilichobaki ni mama aseme tu lilikwenda mpaka wapi, wao watapima. Niliinama sikioni kwake nikamnong'oneza aseme kumi na tano kila upande. Aseme ishirini! Nani angembishia? Nilimvuta hata kitenge.

Akainua rozari ile, ileile ya uzi mweupe ambao sasa ulikuwa umekuwa rangi ya udongo. "Ninachokijua ni hiki nilichoshika," alisema. "Kumi, mara hatua ishirini. Kilichozidi kumi sikijui tena, na sitamwapia Mungu nisichokijua."

Wakapima hivyo hivyo. Mia mbili kila upande, mraba safi, kama nilivyoutunga mimi kwenye ungo. Kona ya mwisho ilipopatikana, mama aliomba apelekwe ndani kufuata fungu la tano. Nilimshika mkono tukatembea, hatua mia mbili, nikihesabu kwa sauti. Mraba ule haukuwa na umbo la shamba letu la zamani, kwa hiyo upande aliouelekeza mama ulitutoa nje ya mpaka wake, tukaingia eneo la yule jamaa aliyesema kwa sauti. Palikuwa na mabua ya ngano na udongo uliokwisha kulimwa mara zisizohesabika. Hapakuwa na jiwe hata moja.

Nilisimama. Mama akaniuliza kama tumefika. Nikamwambia mia mbili zimeisha, ila tunaweza kuongeza kidogo, au tukarudi nyuma kidogo, pengine ni pale, pengine ni kule. Nilikuwa naongea kwa haraka, nalia, nageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi. Yule jamaa alikuwa ametusogelea, akauliza kwa heshima kama mama anahitaji kitu shambani kwake. Mama akamjibu hapana mwanangu, tunapita tu.

Kisha akaniambia, "Acha kuhesabu. Nishike nisianguke, nipige magoti hapa."

Nikamwambia mama, hapa siyo.

"Najua siyo," akasema. "Nimechoka."

Akapiga magoti kwenye shamba la mtu, akaanza Salamu Maria, na ya kumi ilipokwisha akanyamaza.